Hita ya dizeli inafuka moshi mweupe, haiwaki

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nina Land Rover ya dizeli ya mwaka 1996. Niko Malindi, lakini kila Julai napeleka wageni Nyahururu, wanalala humo garini, na kule baridi si mchezo. Chini ya kiti cha abiria kuna hita ndogo ya volti 12 inayochoma dizeli. Mwaka huu nikiiwasha pampu inagonga vizuri, moshi mweupe unafuka dakika kadhaa, kisha inajizima. Nimeshabadilisha pampu, hali ni ileile.

JIBU: Wa aleikum salaam. Hela ya pampu imekwenda bure, bwana. Moshi mweupe unaonuka dizeli ni dizeli iliyogeuka mvuke bila kushika moto. Mafuta yanafika, basi. Pampu iliyokufa haitoi moshi wa aina yoyote. Kilichopungua ni joto au hewa.

Kwanza acha kuiwasha tena na tena. Kila ikishindwa, dizeli inabaki ndani ya chemba ya kuchomea, na siku itakaposhika utaona wingu la moshi na pengine ndimi za moto kwenye ekzosi.

Anza na umeme. Wakati wa kuwaka, plagi ya hita, ile inayopata moto ili kuwasha dizeli, inavuta ampea 8 hadi 10. Pima volti kwenye soketi ya hita yenyewe, si kwenye betri, mtu mwingine akiwa anaiwasha. Betri ikionyesha 12.5 na hita ikapata chini ya 11, umeme unapotea njiani. Kwa gari linalolala Malindi, fungua kishikio cha fyuzi utazame: chumvi ya bahari huacha kutu ya kijani kwenye shaba. Kisha fuata waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na boliti ya chuma iliyofungwa juu yake huota unga mweupe usiopitisha umeme. Usihangaike kuusugua kila mwaka. Vuta waya mbili za milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi iwe karibu na betri.

Umeme ukiwa sawa, geukia hewa. Nyigu wanapenda sana tundu la ukubwa ule. Wakipewa miezi michache wanajenga udongo ndani ya bomba la kuvuta hewa, na wewe huoni kitu kwa nje. Chomoa bomba ulipulize. Ekzosi nayo isiwe na bonde la kukusanya maji. Kama halikwepeki, toboa tundu la milimita 4 pale chini kabisa, nje ya gari.

Bado? Toa plagi. Nyuma yake kuna wavu mdogo wa chuma kama kichujio cha chai, unaofyonza dizeli na kuipa plagi. Ushike juani: mwanga usipopita, umeziba masizi, na mara nyingi mkosaji ni huyo. Weka mpya, usichokoe kwa msumari, na hakikisha kipande cha wavu wa zamani hakijabaki tunduni.

Masizi hayo yana asili yake. Nyahururu iko juu ya mita 2,300, hewa ni nyepesi, ilhali pampu inapiga kipimo kilekile cha Malindi. Mafuta yanazidi hewa. Ongeza usiku kucha wa kuiendesha moto mdogo, wavu hauna pa kuponea. Ukipanda kule, punguza hezi za pampu (mapigo kwa sekunde) kwenye kidhibiti kama chako kinaruhusu, na kabla ya kuzima ipe moto mkubwa dakika 20. Zima kwa swichi, kamwe si kwa kukata betri: feni lazima ipooze chemba kwanza.

Na ile pampu mpya, soma maandishi yake. Ya mililita 22 kwa mapigo 1,000 si sawa na ya 28, na kubwa kwenye hita ndogo itaifurikisha. Elekeza bomba kwenye sirinji uhesabu mapigo 200: ya 22 itatoa mililita 4.4 hivi. Ifunge kwa mpira, upande wa kutolea mafuta ukitazama juu, ili mapovu yasikwame.

Ukiirudisha hita, weka gasketi mpya pale inapokaa sakafuni, kwa sababu kaboni monoksidi, hewa ya sumu ya moshi, haina harufu na wageni wako wanalala humo. Kengele ya kuitambua ifungwe ndani kabla ya safari.