Maswali ya Wasomaji: Betri Yenye Bolti za Ubavuni na Waya za Ziada

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni daktari wa mifugo katika Wilaya ya Nakasongola. Gari ninalolitumia ni pikapu ya zamani ya Chevrolet ambayo betri yake haina vichwa juu, bali ina mashimo mawili ya bolti ubavuni. Nilimwomba fundi aniunganishie friji ndogo ya chanjo, taa mbili za kumulika mbali na redio ya upepo. Alifungua bolti ya upande wa chanya, akapanga vipete vya waya zote tatu kati ya kebo kubwa na betri, kisha akakaza kwa bolti nyingine iliyo ndefu zaidi. Kwa majuma machache mambo yalikwenda vizuri. Sasa, hasa baada ya kupita barabara za murram, nikizungusha ufunguo asubuhi nasikia mlio mmoja tu wa “tak”, lakini nikiitikisa kebo kwa mkono gari linawaka. Fundi anasema betri imekufa. Je, ninunue nyingine?
Msomaji, Nakasongola

JIBU: Usinunue betri bado, Daktari. Betri iliyokufa haifufuki kwa kutikiswa kebo. Kinachokusumbua ni pale kebo inapokutana na betri, na kasoro hiyo ilianza siku vipete vile vitatu vilipoingizwa katikati.

Betri za namna hii zililetwa na General Motors mwanzoni mwa miaka ya 1970, na shabaha mojawapo ilikuwa kupunguza ule unga wa tindikali unaoota kwenye vichwa vya juu. Katika betri ya kawaida, kishikio cha kebo hukumbatia kichwa cha risasi pande zote. Katika betri yako hakuna cha kukumbatiwa: kuna uso mdogo wa risasi wenye shimo la nyuzi katikati, na umeme wote unaoliwasha gari hupita pale ambapo uso huo unabanwa na uso wa kebo. Stata, yaani mota inayoizungusha injini ili iwake, kwenye injini kubwa huvuta ampea 150, 200 au hata zaidi. Ukiweka vipete vyembamba vya bati kati ya nyuso hizo mbili, ampea hizo zote zinalazimika kupenya katika vipete vilivyotengenezwa kwa ajili ya taa. Ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao taa haiuhisi kabisa, hupoteza volti 2 pale stata inapovuta ampea 200, na volti hizo 2 ndizo zilizokosekana asubuhi ile. Tena risasi ni laini, nayo hutambaa polepole inapobanwa, kwa hiyo rundo la vipete hulegea lenyewe hata kabla ya murram kuongeza mitikisiko yake.

Unaweza kuthibitisha hayo kwa maltimita, yaani kipimaumeme, ikiwa kwenye kipimo cha volti. Gusa ukingo wa risasi wa betri kwa ncha moja na shaba ya kebo kwa ncha nyingine, kisha mwombe mwenzako azungushe ufunguo. Kiungo kisicho na kasoro huonyesha karibu sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, betri haina hatia.

Bolti yenyewe inanitia wasiwasi kuliko vipete. Mashimo ya betri hizi yana nyuzi za Kimarekani: upana wa inchi 3/8, nyuzi 16 kwa kila inchi. Katika soko la Kisekka mjini Kampala, ambako spea nyingi ni za magari ya Kijapani, bolti utakayopewa kwa urahisi ni ya milimita 10 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5. Kwa macho zinafanana kama pacha, ila ile ya milimita ni nene kidogo na hatua yake ni tofauti, na fundi mwenye nguvu akiilazimisha ataharibu nyuzi ambazo hakuna wa kuzirudisha. Urefu nao ni hatari. Bolti iliyozidi hufika mwisho wa shimo kabla ya kuibana kebo, hivyo mkono unahisi imekaza ilhali kebo inacheza, na ukiendelea kuizungusha unaweza kuung’oa muhuri wa risasi hadi tindikali ivuje. Ifungue, uilinganishe na ile ya zamani, na ukiona unyevu au ufa kuzunguka shimo, hapo ndipo nitakubaliana na fundi wako kuhusu betri mpya.

Kabla ya kugusa chochote, vua saa na pete za chuma, ufungue upande wa hasi kwanza na kuurudisha mwisho. Spana ikigusa bodi ya gari wakati unafungua chanya hutoa cheche, na betri iliyotoka kuchajiwa huwa na haidrojeni karibu. Osha nyuso zote kwa maji yenye magadi kidogo bila kuyaingiza ndani ya betri, suuza, kausha, kisha sugua risasi taratibu hadi ing’ae. Kebo kubwa irudi peke yake, uso kwa uso na risasi, kwa bolti ya asili. Kichwa chake ni cha spana ya milimita 8, na nguvu inayotakiwa ni nyutonimita 15 tu, ambayo mkono mmoja kwenye spana fupi unaitosheleza. Watu wengi huiharibu kwa kuongeza bomba kwenye mpini.

Sasa waya za ziada ziende wapi? Zipo bolti zilizotengenezwa mahsusi kwa betri hizi, zenye bega linaloibana kebo na mguu wa nyuzi unaotokeza nje ili vipete vifungwe huko kwa nati yake. Ukiipata, ni nzuri. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mguu huo ubebe kipete kimoja tu. Usipoipata, chukua umeme kwenye nguzo ya stata pale kebo ya chanya inapoishia, au kwenye kiungo cha chanya kilicho ndani ya chumba cha injini ikiwa gari lako linacho. Kutoka hapo vuta waya moja ya milimita za mraba 10, weka fyuzi ya ampea 50 katika shibiri ya kwanza ya waya hiyo, kisha uipeleke kwenye kisanduku cha fyuzi ndani ya gari. Fyuzi iliyowekwa mbali, karibu na friji, hailindi chochote waya inapochubuka kwenye chuma cha bodi njiani.

Kila kifaa kipate fyuzi yake. Taa mbili za wati 55 huvuta kama ampea 9, kwa hiyo fyuzi ya 15 inafaa, na ziwashwe kupitia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo) ili mzigo usipite kwenye swichi. Kwa redio fuata kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Friji ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu friji nyingi za aina hiyo hujizima zenyewe zinapoona volti zimeshuka, na zinapima volti zinazozifikia, si zile zilizo kwenye betri. Waya ya milimita za mraba 2.5 yenye urefu wa mita 5 kwenda na 5 kurudi hupoteza takriban volti 0.35 friji inapovuta ampea 5. Ukitumia ya milimita za mraba 4, hasara inashuka hadi kama 0.2. Kwa mtu anayebeba chanjo kutwa nzima, tofauti hiyo inastahili bei ya waya nene.

Upande wa hasi usirundikwe vivyo hivyo. Kwangua rangi mahali pamoja kwenye bodi hadi chuma kionekane, funga ethi zote (waya za hasi za vifaa) hapo, kisha paka grisi juu.

SWALI: Nina gari la namna hiyo hiyo. Je, naweza kuliwekea betri ya kawaida yenye vichwa juu? Msomaji, Jinja

JIBU: Unaweza. Lililo rahisi zaidi ni kutafuta betri ya kundi 34/78 (namba ya Kimarekani ya ukubwa wa betri), ambayo ina vichwa juu na mashimo ubavuni pia: kebo za gari zibaki ubavuni, waya za ziada zifungwe juu. Ukiamua kutumia betri ya Kijapani, itakubidi ukate miisho ya kebo na kubana vishikio vipya. Angalia kwanza kama kebo zinafika juu, na chanya iko upande gani. Vishikio vilingane na unene wa vichwa, kwa sababu baadhi ya betri za Kijapani zina vichwa vyembamba ambavyo vishikio vya kawaida vya Kimarekani vitapwaya juu yake, na kishikio kinachopwaya kitakurudisha kwenye tatizo la Daktari wa Nakasongola.