Maneno 1,000 ya Kilatini umeyamaliza, mbona Virgil bado hapitiki?

Mkuu, umeuliza hivi: sarufi ya seminari bado unayo kichwani, orodha ya maneno 1,000 ya msingi umeimaliza, lakini ukifungua Aeneis, utenzi wa mshairi wa Kirumi Virgil, kila mstari unakurudisha kwenye kamusi. Sasa unataka kujua kama uongeze maneno mengine 1,000. Usiongeze kwa orodha kama hiyo, walau si sasa.

Anza na hesabu. Orodha iliyozoeleka, ile ya Dickinson College, ina maneno kama 1,000 na hubeba takriban asilimia 70 ya maneno ya maandishi ya kawaida. Mstari wa Virgil una maneno 6 au 7. Toa asilimia 70, unabaki na mawili hivi usiyoyajua kwa kila mstari. Kwa hiyo kukwama kwako ni jambo la kawaida kabisa. Ila hayo mawili si adui mkubwa, kwa sababu yanajitambulisha: huyajui, unayatafuta, yanaisha. Adui ni yale unayodhani unayajua.

Tazama mistari minne ya mwanzo:

Arma virumque cano, Troiae qui primus ab oris
Italiam fato profugus Laviniaque venit
litora, multum ille et terris iactatus et alto
vi superum, saevae memorem Iunonis ob iram

Ukiacha profugus (mkimbizi), hapa hakuna msamiati wa kutisha. Mitego ndiyo imejaa. Oris: aliyekariri os, oris, "kinywa", atasoma "kutoka kinywani". Hili ni ōrīs, la ora, pwani. Alto: umekariri altus kuwa "-refu kwenda juu", kumbe kwa Warumi ni refu kwenda chini pia, na altum peke yake ni kilindi, yaani bahari kuu. Iactatus ni la iacto, ambalo ni iacio (kutupa) linalorudiwarudiwa: kutupwa huku na huku. Superum si akusativo (umbo la mtendwa) ya umoja; ni superorum iliyofupishwa, "ya walio juu", yaani miungu. Memorem haliendi na Iunonis (ya Juno, mungu wa kike) lililo jirani yake, linaenda na iram: hasira isiyosahau.

Hapo kwenye memorem na iram panataka maelezo, kwa sababu sisi tuna faida na hasara. Faida: upatanisho wa kisarufi tumezaliwa nao, hatushangai kivumishi kikivaa sare ya nomino yake hata kama maneno mengine yameingia katikati. Hasara: sare yetu iko kichwani mwa neno na kwa kawaida inafanana, vitabu vikubwa, miti mikubwa. Ya Kilatini iko mkiani na mara nyingi haifanani hata kidogo. Dawa ni kutokariri kivumishi peke yake. Kikariri kikiwa na nomino ya kundi jingine: memorem iram, nauta fessus, fagus alta (miti mingi ni ya jinsia ya kike, hata yenye mwisho wa -us).

Jambo la pili, na hili nalisisitiza kuliko yote: maana ziandike kwa Kiswahili. Wengi wetu tunasoma Kilatini kupitia Kiingereza, kisha tunakariri maana za Kiingereza, na mara nyingi huko ni kuzunguka mbuyu. Altus ndiyo mfano mzuri. Kiingereza kinahitaji maneno mawili, la juu na la chini. Sisi tunasema mti mrefu na kisima kirefu bila kufikiri mara mbili. Jamaa na ukoo ndiyo zaidi. Patruus ni baba mkubwa au baba mdogo, avunculus ni mjomba, amita ni shangazi, matertera ni mama mkubwa au mama mdogo, glos ni wifi. Kiingereza huyapiga chapa moja (uncle) yote mawili ya kwanza, na Virgil anaitegemea tofauti hiyo: katika kitabu cha 3 Andromache, mjane wa Hector, anamwita Hector avunculus wa Ascanius, mwana wa Aeneas, na ukisoma "mjomba" unajua papo hapo kwamba mama yake Ascanius alikuwa dada yake Hector. Manes nayo andika mizimu. Umbra ni kivuli, na pia kivuli cha marehemu.

Kwa vyombo vya baharini, mtu wa pwani ana utajiri tayari. Puppis ni tezi (nyuma ya chombo), prora ni omo (mbele yake), carina ni mkuku (uti wa chini), malus ni mlingoti, antemna ni foromali (boriti ya tanga), velum ni tanga, remus ni kasia. Soma dhoruba ya kitabu cha 1, mistari 81 hadi 123, ukiwa na maneno hayo: franguntur remi, makasia yanavunjika, prora avertit, omo inageuka, in puppim ferit, bahari inapiga tezi. Tahadhari mbili tu. Kwanza, washairi hutaja sehemu wakimaanisha chombo kizima, kwa hiyo puppis, carina, pinus (msonobari) na ratis (chelezo) mara nyingi ni "merikebu" tu. Pili, Aquilo usimwandike "kaskazi" wala Notus "kusi". Hizo kwetu ni misimu yenye miezi yake. Andika upepo wa kaskazini, upepo wa kusini.

Hii inatupeleka kwenye namna ya kupanga maneno. Orodha ya alfabeti au ya wingi wa matumizi haifai tena ukishavuka 1,000 ya kwanza. Panga kwa mafungu ya washairi. Bahari: mare, aequor (uso uliosawazika), pontus, pelagus, fretum, altum, sal (chumvi), gurges, vada. Upanga: gladius umeujua kwenye nathari, kwa Virgil utakutana zaidi na ensis, mucro, ferrum. Mke: coniunx kuliko uxor. Miungu inayosimama badala ya vitu vyake: Ceres nafaka au mkate, Bacchus divai, Vulcanus moto, Mars vita. Bila fungu hili la mwisho, Cererem corruptam undis (1.177, yaani kitabu cha 1, mstari wa 177) itakuwa mungu wa kike aliyeharibiwa na mawimbi, kumbe ni nafaka iliyoloa. Na Cerealia arma zinazofuata si silaha hata kidogo, ni vyombo vya kusagia na kuokea. Mafungu 25 hivi yenye maneno 8 hadi 12 yanatosha kukuingiza kwenye utenzi huu.

Kwa nini washairi wasiseme tu mare na arbores (miti)? Ladha ni sababu moja, mizani ni nyingine. Mizani yetu huhesabu silabi. Hii ya hexameta huzipima uzito, ndefu na fupi, katika miguu sita. Neno lenye silabi fupi moja iliyobanwa kati ya mbili ndefu haliingii. Imperator (jemadari) ni hivyo, kwa hiyo washairi wa kabla yake, Ennius na Lucretius, waliandika induperator, na Virgil anatumia dux au ductor. Arbores nalo linagoma, ndiyo maana unakuta arbusta.

Kutokana na hilo, urefu wa irabu si pambo. Ukiandika kadi za kukariri bila alama za urefu, unajichimbia shimo. Liber kwa i fupi ni kitabu, kwa i ndefu ni huru, au ni jina jingine la Bacchus. Mălum ni ubaya, mālum ni tofaa, mālus ni mlingoti. Pŏpulus ni watu, pōpulus ni mti. Lĕvis ni -epesi, lēvis ni laini. Occĭdit anaanguka au anakufa, occīdit anaua! Hapo ndipo msomaji anapomzika mtu asiye na hatia.

Mitego ya seminari, yaani maana za Kilatini cha Kanisa, ni michache lakini ina mizizi. Virtus si fadhila kwanza, ni ushujaa (limetoka kwa vir). Pius si mchaji Mungu tu, ni mtu anayetimiza wajibu wake kwa miungu, kwa baba na kwa taifa. Salus mara nyingi ni kunusurika, si wokovu wa roho. Deum ukiliona kwa Virgil, uliza kwanza kama si deorum, "ya miungu".

Viishio vya kishairi vikae kwenye karatasi moja mbele yako: -ēre badala ya -ērunt (conticuere omnes, wote walinyamaza, si "kunyamaza"), -īs badala ya -ēs kwenye akusativo ya wingi, -um badala ya -orum, akusativo za Kigiriki kama Aenean na Hectora. Na vitenzi vyote vikariri kwa sehemu zake nne (kama fero, ferre, tuli, latum). Asiyejua kwamba sustulit ni tollo na latum ni fero atavitafuta kwenye kamusi hadi jioni.

Sasa utaratibu wa kila siku. Maneno mapya 10, siku sita kwa wiki, kwenye Anki (programu ya kadi za kukariri) au kadi za karatasi. Usivuke hapo, kadi 10 mpya kwa kawaida huzaa marudio 80 hadi 100 kwa siku, na wengi huacha mwezi wa pili kwa sababu walianza na 30. Mbele ya kadi weka kipande cha maneno mawili matatu kutoka kwenye shairi lenyewe, neno lako likiwa na alama za urefu. Nyuma: umbo la kamusi, jinsia au sehemu nne, maana ya Kiswahili isiyozidi maneno manne.

Lakini kadi isizaliwe mara ya kwanza unapokutana na neno. Weka nukta pembeni ya mstari. Likirudi mara ya pili, nukta ya pili. Ya tatu, tengeneza kadi. Ovid (mshairi mwingine wa Kirumi) na Virgil wana maneno mengi ya kupita mara moja tu, na kuyakariri ni kujaza gunia lililotoboka. Kwa kutafuta haraka tumia Logeion, tovuti ya kamusi, ni bure na inakuonyesha kamusi kadhaa pamoja. Ila kisia maana kwanza, andika kisio lako kwa penseli, ndipo ufungue.

Kuhusu mpangilio wa waandishi, mimi nisingekushauri uanze na Virgil. Anza na Metamorphoses ya Ovid: Pyramus na Thisbe (4.55–166), kisha Daedalus na Icarus (8.183–235). Sentensi zake zinatembea, na maneno yale yale yanarudi. Mistari 10 kwa siku, kesho yake uisome tena kwa sauti kabla ya mipya. Kisha Aeneis kitabu cha 2. Kaa na mshairi mmoja miezi mitatu minne kabla ya kuhama, maana kila mmoja ana maneno anayoyapenda na faida yake huonekana baada ya mistari 500 hivi. Horace, naye mshairi wa Kirumi, na mashairi yake mafupi yaitwayo Odi, mwache mwisho. Maneno yake ni mepesi, mengi utayakuta kwenye ile 1,000 yako. Ugumu ni mahali anapoyaweka, na huo kadi haziutibu.