Gemu za mdundo na gemu za kushuti ukiwa Mbeya: jua kwanza muda wako unapotelea wapi

Kila mara kuna dogo ananiuliza swali lile lile, kaka mbona nacheza Call of Duty: Mobile kila siku na bado wa kwanza kufa ni mimi, ninunue simu kubwa au nifanyeje? Nikimjibu ananuna, maana namwambia aachane na bunduki kwa muda, akacheze gemu ya muziki. Wanadhani natania. Sitanii, na leo naeleza kwa kirefu ili nisiwe narudia mwenyewe kila nikipita kijiweni Mwanjelwa.

Mi sio mchezaji wa mashindano, ni mtu wa kawaida tu mwenye simu ya bei ya kati na laptop ya mtumba, nikitoka kazini nakula nacheza kidogo nalala. Kwenye laptop nacheza osu!, ambayo ni gemu ya muziki, na Counter-Strike ya kushuti, kwenye simu nacheza Cytus ya muziki, na PUBG Mobile na hiyo Call of Duty (CoD) za kushuti. Kwa ambaye hajui, gemu ya mdundo ni ile ambayo wimbo unapiga na alama zinashuka au zinatokea kwenye skrini, we unagonga pale pale pigo linapoangukia, ukiwahi unakosa, ukichelewa unakosa. Wajapani ndio walioivalia njuga hii kitu, Konami walitoa Beatmania 1997 na mwaka uliofuata wakatoa Dance Dance Revolution, ile ya kukanyaga mishale kwa miguu, mi nimeishia kuiona kwenye video. Baadae ikaja Guitar Hero 2005, osu! ikatoka 2007 ikitengenezwa na jamaa mmoja wa Australia, Dean Herbert, na hii Friday Night Funkin' ambayo watoto wote wanaijua ilianza 2020 kama gemu iliyotengenezwa kwa siku chache tu kwenye shindano la Ludum Dare. Historia imetosha.

Ishu yenyewe ni hii. Kwenye gemu yoyote kuna muda unapotea kati ya kitu kutokea na wewe kukiona au kukisikia, na kati ya kidole chako kugusa na gemu kujua kwamba umegusa. Muda huo unapimwa kwa milisekunde, yaani elfu moja zinafanya sekunde moja. Gemu ya mdundo inakulazimisha uujue muda huo kwa sababu haina pa kukuficha, hamna adui wa kumlaumu, hamna mwenzako kwenye timu aliyelala, ni wewe na pigo. Kwenye osu! ukicheza wimbo wa ugumu wa kati hivi, ule wa OD 8 (OD ni kipimo cha ukali wa muda wa kugonga), ili upate pointi kamili 300 lazima ugonge ndani ya kama milisekunde 32 kabla au baada ya pigo. Sasa chukua iafoni za Bluetooth, hizi za bei rahisi zinazojaa Kabwe, kwa kawaida sauti inachelewa kuanzia milisekunde 100 na inaweza kupita 200. Singeli inayokimbia BPM 240, yaani mapigo 240 kwa dakika, pigo mpaka pigo ni milisekunde 250 tu! Ina maana pigo linakufikia sikioni wakati la pili yake liko mlangoni, halafu unajiambia huna kipaji.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya simu mpya kabla ya nini, tafuta iafoni za waya. Kama simu yako haina tundu la waya kuna vile vikebo vya kubadilishia vya Type-C, bei yake haiumizi. Halafu ingia setingi za gemu, karibu zote zina sehemu ya kupima, inakupigia tiki-tiki wewe unagonga, yenyewe inahesabu umechelewa kiasi gani na inasogeza kila kitu. Watu wanairuka hii sehemu, sijui kwanini, labda kwa sababu haina mdoli wa kuchagua nguo. Fanya mara kadhaa uchukue wastani, tena funga macho usikilize tu, ukiangalia skrini mkono unafuata macho na namba inatoka ya uongo. Na ile sauti ya "taka" inayolia ukigusa, kama umekwama na Bluetooth izime kabisa, maana kupima kunasogeza wimbo lakini ile sauti itaendelea kukujia imechelewa na itakuchanganya.

Kupima kunafanya kazi kwa sababu uchelewaji wa iafoni na skrini haubadilikibadiliki. Ni 180 leo, kesho ni 180, mtu anaupiga hesabu anausahau. Shikilia hapo, tutarudi tukifika kwenye bunduki.

Kabla ya hapo niseme kuhusu baridi, sababu ushauri wa mitandaoni unaandikwa na watu wasiojua Mbeya mwezi wa saba. Juni na Julai huku vidole vinakuwa vigumu kabisa, ukigusa skrini saa nyingine haisomi maana ngozi imekauka, na misuli yenyewe inachelewa, mtu ambaye mwezi wa pili alikuwa anapita wimbo vizuri anaanza kukosa na anadhani simu imechoka. Wa Makete na Njombe mnajua zaidi. Mi nashika kikombe cha chai kwanza mpaka vidole viamke, nacheza nyimbo za polepole mbili tatu, ndio naingia kwenye ngumu. Glovu za kawaida sahau, skrini haisomi, na zile za kukata vidole zinasaidia kiganja tu, ingawa kiganja nacho kikipata joto inaleta tofauti. Ukihisi maumivu kwenye kifundo cha mkono acha siku hiyo, usilazimishe, mkono huo huo ndio unaotafutia ugali.

Jingine ambalo wanaoanza hawaliamini: ukishindwa kusoma alama, usipunguze kasi ya kushuka, iongeze. Inaonekana kichekesho lakini fikiria, kasi ikiwa ndogo alama zinajazana kwenye skrini zote kwa pamoja, macho hayajui ianze ipi, ukiongeza zinaachana na unaona moja moja. Wimbo haubadiliki, pigo ni lile lile. Na usiangalie pale chini unapogongea, angalia juu kidogo, huku chini waachie vidole na masikio. Simu iweke mezani ucheze kwa vidole vya shahada, dole gumba linachoka haraka na linaziba skrini.

Sasa kitu kinachonikera na kunifurahisha kwa pamoja ni kwamba nyimbo zetu humo ndani hamna kabisa, ni muziki wa Japani na elektroniki mwanzo mwisho. Uzuri wa osu! inakuruhusu utengeneze ramani ya wimbo wowote kwa matumizi yako, unaweka wimbo, unaiambia BPM ni ngapi na pigo la kwanza linaanza sekunde ya ngapi, halafu unapanga alama mwenyewe. Nimejaribu singeli na ni raha kichizi, inakimbia lakini imetengenezwa kwenye kompyuta kwa hiyo pigo limenyooka mwanzo mpaka mwisho, unaweka BPM mara moja tu unaendelea na kazi. Nikajaribu wimbo wa kwaya yetu uliorekodiwa ibadani, ngoma ya mkono, kinanda na watu zaidi ya thelathini, aisee! Kwaya inakimbia ikifika kiitikio, mwalimu akinyanyua mkono wanapunguza, ubeti wa tatu wamechangamka wamepandisha tena, hamna BPM moja. Ikabidi niweke alama mpya ya muda kila baada ya mistari michache, jioni nzima nikapata dakika moja ya wimbo. Nawashauri mjaribu hata kama hamtamaliza, utausikia wimbo unaoujua toka utotoni kama hujawahi kuusikia, utajua nani huwa anawahi kuingia kwenye sauti ya tatu (namjua, sisemi).

Haya, bunduki.

Gemu ya kushuti mtandaoni ina uchelewaji ule ule wa skrini na sauti, lakini juu yake unaongezeka wa mtandao, na huo ndio mwenyewe. Pingi ni muda wa taarifa kutoka kwako kwenda kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha mchezo, na kurudi. Tuseme seva iko Frankfurt, Ujerumani: kutoka Mbeya mpaka huko, ukipiga mstari ulionyooka, ni kama kilomita 7,000, na mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi milisekunde 70 zimeshaondoka hata kama kila kitu kimekaa sawa, na waya haujanyooka hivyo, kuna kushuka mpaka Dar kwanza, kuna mikongo ya baharini kama SEACOM iliyoanza 2009 na EASSy ya 2010, kuna mitambo njiani. Hamna simu ya milioni mbili itakayopunguza hizo kilomita. Ndio maana naanza na setingi: angalia gemu yako imekuunganisha seva ya wapi. PUBG Mobile inakuachia uchague, linganisha namba ya pingi ya Ulaya na ya Mashariki ya Kati kabla ya kuhama, usikae kwenye seva kwa sababu tu rafiki yako yuko hapo. Counter-Strike ina seva za Johannesburg, ambako kwa mstari ni kama kilomita 2,000, mara nyingine pingi inakuwa nzuri mara nyingine data inazungushwa njia ndefu, kwa hiyo amini namba, ramani itakudanganya.

Ila pingi kubwa sio adui mkubwa. Adui ni pingi inayopanda na kushuka, sasa hivi 140, sekunde ijayo 400, halafu 150. Kumbuka nilivyosema juu, uchelewaji usiobadilika mtu anauzoea kama anavyozoea iafoni, ubongo unajifunza kulenga mbele kidogo ya mtu anayekimbia na maisha yanaendelea. Unaoruka ruka hakuna kipimo, hakuna mazoezi, hata uwe fundi vipi. Mtu aliyetoka kwenye gemu za mdundo anaigundua hii tofauti mapema sana kwa sababu mkono wake umeshazoea kujua ni yeye amekosea au ni mashine. Ndio faida niliyokuwa naisema, wala sio kwamba utakuwa na shabaha zaidi.

Kupunguza kuruka kwa pingi kuna mambo machache yanasaidia kweli. Usicheze kwenye hotspoti ambayo mtu mwingine anaangalia video, kasi inaweza kutosha nyote ila vijitaarifa vyako vidogo vya gemu vinapanga foleni nyuma ya video yake. Zima programu zinazojipakulia zenyewe. Badilisha sehemu unayokaa, Mbeya ni mabonde na vilima, chumba cha nyuma na cha mbele ndani ya nyumba moja vinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Na muda: kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne kwenye mitaa ya wanafunzi kila mtu yuko mtandaoni, mi hapo nacheza muziki bila intaneti, kushuti naacha mpaka usiku usiku au alfajiri.

Halafu lile lalamiko maarufu, "nimeshajificha nyuma ya ukuta bado nimekufa, gemu imenionea". Haijakuonea. Gemu nyingi za kushuti, Counter-Strike ikiwemo, seva yake inahifadhi kumbukumbu za kila mtu alipokuwa, mtu akifyatua risasi inarudisha muda nyuma kidogo iangalie yeye alikuwa anaona nini wakati anafyatua. Kwenye skrini yake ulikuwa bado hujafika ukutani. Wewe ukutani umefika kwako tu. Bila huo ujanja sisi wa mbali tusingempiga mtu hata mmoja, kwa hiyo ukilalamika ujue na wewe unanufaika.

Kutokana na hilo badilisha uchezaji. Usikae umelenga kona moja ukisubiri mtu atokee, anayetokea anakuona kabla wewe hujamuona, na pingi kubwa inazidisha hilo pengo, bora wewe ndio utokee. Usishindane na mwenye snaipa, ile bunduki ya kulenga mbali, kwa risasi moja moja, chukua bunduki inayomwaga, ikikosa mbili ya tatu inaingia. Kwenye PUBG ingia maeneo ya pembeni, wahi duara (eneo salama linalozidi kupungua), tumia akili ya kukaa mahali pazuri, humo kati ya watu 100 wengi wanauana wenyewe. Na hedifoni hapa pia iwe ya waya, hatua za adui ukizisikia zimechelewa ni bora usingezisikia.

Bando mnaogopa bure, kucheza kwenyewe hakuli sana, vinavyosafiri ni vijitaarifa vidogo. Kinachokula ni apdeti, hizo zinakuja kwa gigabaiti, nunua kifurushi cha usiku uache inapakua umelala, na kama simu ni ya GB 64 usipakue kila ramani na kila nguo, CoD inakuruhusu uchague. Mi nimebaki na ramani nne. Nafasi iliyobaki imejaa singeli.