Mwembe umefanya pango: majibu ya maswali yenu

*Mwembe wetu wa boribo aliupanda babu, sasa shina limefanya pango, naambiwa nitie simenti. Sawa? (Wete)*

Usitie, nakuomba. Zamani hata Marekani walikuwa wakijaza wakaja wakaacha, mana mti ukiyumba na upepo simenti haiyumbi, inabaki kusaga mbao kwa ndani na maji ya masika yanatuama pembeni, kuvu linastarehe. Na tindo weka mbali. Mti haupoi kidonda kama sie, unajenga ukuta baina ya palipooza na pazima, alolieleza sana hili ni mtaalamu wa miti wa Kimarekani, Alex Shigo, miaka ya 1970, sasa ukichokoa mpaka pazima ule ukuta umeubomoa mwenyewe. Toa uchafu unaotoka kwa mkono, basi. Uhai wa mti uko chini ya ganda, ndo mana una pango na embe unazila.

*Nikikata tawi lililooza nipake oili chafu? (Mwera)*

La. Oili, lami, rangi, hakuna kinachozuia kuoza hapo. Kikubwa unakata wapi. Pale tawi linapotokea shinani pana uvimbe kama kola ya shati, kata nje yake kidogo, usiuguse wala usiache kigutu. Tawi zito lipunguze kwanza kwa mbele, anza kulikata kwa chini ndo umalizie juu, lisije likachuna ganda hadi shinani. Msumeno lakini, si panga!

*Mchwa ndo walooza mshelisheli wangu? (Bububu)*

Mara nyingi wao wanakuta kushaoza. Nani anachoma taka pale chini? Ganda likiungua ndo uozo unapoingilia.

*Uyoga mgumu kama ubao umeota kitakoni mwa mwembe, na tawi liko juu ya bati la jikoni. (Makunduchi)*

Hili ndo limenitisha. Uyoga wa hapo ni dalili kitako au mizizi inaoza, na majani yanaweza kuwa kijani vizuri tu mti ukalala. Tazama kama udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja, gonga shina usikie kama lalia tupu. Watoto wasicheze hapo na jiko hamisha leo, usingoje kusi. Pita kwa sheha na watu wa misitu upate kibali, halafu tafuta mwenye chenso aliyezoea miti mikubwa. Mkubaliane pesa, akitaka kulipwa kuni atakurudia, mwembe ulooza hauna moto.