Seva imehama, kompyuta zinabisha hodi nyumba ya zamani

Umeme ulikatika usiku. Asubuhi kompyuta tatu hazifungui folda za seva, nyingine zote zinafungua. Nimeizima seva na kuiwasha mara mbili, wapi.

Iache seva. Ingekuwa mbovu, ofisi nzima ingekwama. Inaelekea rauta ilipowaka iliipa seva anwani mpya ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, na hizo tatu bado zinaifuata ya zamani.

Kwanza fungua cmd, dirisha la amri la Windows, andika `ipconfig` kwenye seva yenyewe ujue anwani yake ya leo. Kisha, kwenye kompyuta iliyokwama, andika `ping` na jina la seva, halafu `nslookup` na jina lilelile. Hapa mafundi wengi hupita mbio, nami nakuomba usipite: ping hutazama kwanza kile kompyuta inachokumbuka, nslookup huenda kuiuliza moja kwa moja DNS, daftari la mtandao linalooanisha majina na anwani. Ping ikileta namba ya zamani na nslookup namba ya leo, tatizo liko kwenye kompyuta hiyo. `Ipconfig /flushdns` itaisafisha. Zote mbili zikileta ya zamani, DNS ndiyo inayowapotosha. Kama ofisi yenu inatumia DNS ya Windows Server, rudi kwenye seva ya mafaili, fungua cmd kwa ruhusa za msimamizi, andika `ipconfig /registerdns`, na rekodi ya zamani ikibaki ifute kwa mkono. Ndipo usafishe kompyuta. Ukianza na kompyuta, zitaenda kuuliza na kupewa uongo uleule.

Nimefanya flushdns mpaka nimechoka. Ping bado inaleta namba ya zamani, ingawa nslookup iko sawa.

Fungua faili la `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts` kwa Notepad yenye ruhusa za msimamizi. Karibu nina hakika fundi aliyekutangulia aliandika humo jina la seva na namba yake. Flushdns hailigusi faili hilo. Futa mstari huo, uhifadhi.

Nikiandika jina la seva folda zinafunguka, lakini diski Z: inagoma.

Z: iliunganishwa kwa namba badala ya jina. `net use` itakuonyesha. Ikate kwa `net use Z: /delete`, uiunganishe upya kwa jina.

Tumenunua seva mpya tukaipa anwani ileile ya zamani. Kompyuta nyingine zinaipata, nyingine hazipati.

Anwani ya IP ni ileile, ila kadi ya mtandao ni nyingine, na kompyuta bado zinakumbuka MAC, namba ya utambulisho wa kadi, ya ile ya zamani. `arp -d` ikifuatwa na anwani ya seva huondoa kumbukumbu hiyo. Hata ukiiacha, kwa kawaida huisha yenyewe baada ya muda mfupi. Isipoisha, tazama `arp -a` mara kadhaa. MAC ikibadilikabadilika, seva ya zamani bado imechomekwa mahali fulani na zote mbili zinagombania anwani moja. Itafute uchomoe kebo yake.

Nifanyeje lisijirudie?

Kwenye rauta, au popote DHCP yenu (huduma inayogawa anwani za IP) inapokaa, itengee seva anwani yake kwa kutumia MAC. Ukipenda kuiandika kwenye seva yenyewe, chagua namba iliyo nje ya zile DHCP inazogawa, la sivyo siku moja printa itapewa hiyohiyo. MAC utaiona kwa `ipconfig /all`, mstari wa Physical Address.