Anayegusa gari la watu

Swali lenu la wiki linauliza: ukimwona mtoto amefungiwa peke yake ndani ya gari, uingilie au upite zako? Wengi watajibu kama wapita njia. Mimi najibu kama mwenye gari.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Lubumbashi nzima, huku Kongo, hutazama juu kutafuta wingu. Nilisimama mbele ya benki moja katikati ya mji nikatoe pesa za shule. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa amelala kiti cha nyuma. Kumwamsha ni vita, na kumbeba amelala katika foleni ya mwisho wa mwezi ni vita nyingine. Nikapandisha vioo vyote, maana pale ukiacha upenyo wa vidole vinne mkoba unaondoka, nikafunga. Dakika tano tu. Nilipobakiza watu wawili mbele yangu, mtandao ukakatika. Anayezijua benki zetu anajua maneno hayo yanavyokula saa, na anajua pia kwamba ukishakuwa wa tatu hutoki kwenye mstari. Nilikaa mle dakika 25, labda 30.

Nilipotoka nikamkuta kijana mmoja, wa wale wanaoosha magari kando ya barabara, amelikumbatia gari langu. Upande wa jua ameegemeza katoni kwenye kioo. Juu ya paa ametandaza tambara lake linalochuruzika maji. Yeye mwenyewe amebandika uso kwenye kioo cha upande wa pili, vidole vinacheza juu, chini, juu, chini. Nikapiga kelele: "Weye! Unafanya nini na motokari yangu?" Kelele ya mwanamke mwenye mkoba mjini inatosha. Kabla sijafika, mwanaume mmoja alikuwa ameshamkamata ukosi. Kijana hata hakujitetea. Alinyoosha kidole tu: "Mama, mutoto eko nalia."

Hakuwa akilia tena. Alikuwa ameketi, mdomo wazi, misuko ya Jumamosi imeganda mashavuni, gauni limelowa kama katolewa mtoni. Nilimtoa, nikamnywesha, nikammwagia maji kichwani. Kijana nilimwambia yule mwanaume amwachie, basi. Asante haikutoka.

Baadaye nilisoma, kama anavyosoma mtu mwenye hatia. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima gari lililoachwa juani: hata siku ambayo nje ni nyuzi 22 tu, ndani joto lilipanda wastani wa nyuzi nyingine 22 kwa saa moja, na sehemu kubwa ilipanda katika nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukusaidia la maana. Sasa weka hapo Oktoba yetu inayopita nyuzi 30, na mwili wa mtoto mdogo, ambao hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Nchini Marekani hufa hivyo watoto 37 hivi kila mwaka, na zaidi ya nusu yao walisahauliwa na watu wanaowapenda. Kule jimbo la Tennessee, tangu 2014 sheria inamkinga anayevunja kioo kumtoa mtoto.

Siku ya tatu nilirudi kumtafuta yule kijana. Alinieleza bila kinyongo, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amemwomba zamu, mlinzi wa mlango wa benki, aingie aite namba ya gari. Zamu akasema gari si lake. Akamwendea papa mmoja, yaani baba wa makamo, aliyevaa tai. Papa akasema mama yake atakuja. Vile vidole alikuwa akimwonyesha mtoto avute kidude cha kufungulia mlango. Na jiwe je, nikamuuliza, hukulifikiria? "Mama, nikipiga kioo, nani ataangalia mutoto? Bataangalia mwizi."

Basi jibu langu ni ndiyo, uingilie, ila wajibu huu hatuubebi sawa. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 66 ter, inamwadhibu anayemwacha mtu hatarini wakati angeweza kumsaidia bila kujihatarisha yeye wala wengine. Yasome tena hayo maneno, bila kujihatarisha. Muosha magari akigusa kitasa cha gari la watu, tayari kajihatarisha. Tumewaona vijana wakipigwa kwa kidogo kuliko hicho. Papa mwenye tai angevunja kioo mchana kweupe na watu wangemshikia koti. Yeye ndiye aliyekuwa na deni siku ile, pamoja na zamu, pamoja na yeyote ambaye nguo zake humsemea kabla hajafungua mdomo. Wenye kutoa simu na kurekodi video sina la kuwaambia.

Ukiwa huna nguo hizo, usiende peke yako. Ita mama wa mkate, ita muuza vocha, semeni kwa sauti mnachokiona ili kila mtu awe shahidi. Jaribuni milango yote minne. Mtoto akiwa analia kwa nguvu, bado kuna dakika za kumtafuta mwenye gari. Akinyamaza, akilegea, acheni kutafuta mtu: pigeni kioo kilicho mbali naye, kwenye pembe, maana katikati kioo ni kigumu.

Na kutafuta mwenye gari tunajua sana. Kanisani kwetu kila Jumapili ibada inakatizwa ili zisomwe namba za magari yaliyoziba lango, na hakuna anayeona aibu. Nilimwomba mzee wa kanisa wale vijana wa parkingi wawe wanachungulia na viti vya nyuma. Akacheka, akasema atajaribu. Jumapili iliyopita zilisomwa namba tatu. Gari la tatu halikuwa limeziba lango. Mama mmoja wa kwaya alitoka mbio, viatu ameviacha chini ya benchi.