Unaanza vyuma na apu mkononi? Soma hapa kwanza

Wadau wapya wa vyuma, hii ni yenu, hasa nyie mnaoingia jimu apu ya mazoezi imeshafunguliwa kwenye simu. Mi nilianza hivyo hivyo na siwacheki, imenisaidia sana ile kitu, ila nilikaa miezi naitumia ndivyo sivyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa jina. Niliandika dedilifti, lile zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, nikabonyeza video ya kwanza iliyotokea, nikadhani nafuata maelezo neno kwa neno, na kila nikimaliza kiuno kinawaka moto. Kumbe niliyokuwa naangalia ni ile ya Kiromania! Ile unaanza umesimama, magoti yanakunjwa kidogo tu, unasukuma nyonga nyuma na chuma kinaishia chini ya goti hivi au katikati ya ugoko, hakigusi sakafu. Mi nilikuwa nakiokota chini kila rudio huku miguu nimeinyoosha kama jamaa wa kwenye video, sasa hapo kiuno kitapona vipi. Dedilifti ya kawaida lazima ukunje magoti zaidi, chuma kikae juu ya katikati ya unyayo, karibu kabisa na ugoko. Kwahiyo kabla hujaangalia video soma jina lote mpaka mwisho, halafu angalia huyo mtu anaanzia wapi na anaishia wapi.

Jingine, maktaba za mazoezi kama ExRx hazikupi picha tu, zinakugawia misuli: ipi inalengwa, ipi inasaidia, ipi inakaza tu ili usiyumbe. Wageni wengi wanaruka hiyo sehemu, na mimi naona ndo yenye faida kuliko zote. Maliza seti, yaani marudio yako ya mfululizo kabla ya kupumzika, jiulize umechoka wapi. Kama unavuta dambeli kwa ajili ya mgongo halafu kinachokufa ni mkono wa mbele peke yake, kuna kitu hakiko sawa, labda unavuta kwa kiganja badala ya kupeleka kiwiko nyuma, au uzito umekuzidi. Ila usichanganye mambo, msuli kuchoka ni kawaida, maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo hayo unaacha hapo hapo, usimalizie hata rudio moja.

MuscleWiki yenyewe ina mchoro wa mwili, unagusa msuli inakuletea mazoezi yake. Tamu sana, na hapo ndo watu wanapotea maana unagusa paja unaletewa mazoezi kibao na wewe unataka kuyajaribu yote siku moja. Chukua moja, kaa nalo wiki kadhaa.

Sasa skwati, ile ya kuchuchumaa na kusimama chuma kikiwa mabegani. Hii ilinitesa kwasababu nilikuwa nataka nifanane na mtu wa kwenye video, kifua wima kabisa, na kila nikishuka visigino vinanyanyuka. Nikadhani mi ni mgumu wa vifundo tu, nikanyoosha weee, wapi. Nilipojirekodi kwa pembeni ndo nikaona, mapaja yangu ni marefu kuliko ya yule jamaa, kwahiyo mi lazima niiname mbele zaidi ndo chuma kibaki juu ya katikati ya unyayo. Nikakubali kuinama, visigino vikatulia. Kwahiyo usinakili umbo la mtu, kagua vile vitu visivyobadilika: chuma kimekaa juu ya unyayo, visigino viko chini, magoti yanaelekea vidole vinakoelekea, mgongo haujikunji ukifika chini.

Kujirekodi ni rahisi, simu iweke pembeni usawa wa nyonga, mbali kidogo ili mwili wote uonekane. Halafu simamisha video yako na ya apu sehemu tatu, mwanzo, chini kabisa, na juu. Apu haikuoni wewe, hiyo kazi ya kulinganisha ni yako, au ya mtu mzoefu ukimpata, na usione aibu kumuomba.

Na usisome katikati ya seti. Soma usiku wa jana yake, beba vitu viwili tu kichwani, kesho ujaribu na chuma kitupu, ambacho nacho chenyewe kile kirefu cha kawaida ni kilo 20 kwahiyo usikidharau.

Benchi presi, ile ya kulala chali kwenye benchi unasukuma chuma juu, naimalizia kwa haraka. Video itakuonyesha chuma kinagusa kifua kwa chini kidogo kisha kinarudi kuelekea juu ya mabega, na dole gumba lizungushe, usiliache wazi. Ila kama uko peke yako na benchi haina vile vyuma vya usalama pembeni, usifunge klipu, vile vibanio vya kuzuia sahani za uzito zisitoke, ili chuma kikikubana uinamishe upande mmoja sahani zidondoke. Hilo kwenye video sikuliona, nilikuja kuambiwa na mtu baada ya kuninyanyulia chuma kikiwa tayari kimenilalia kifuani.